Tumepewa nafasi ya kusema mbele ya idara ya afya. Tuwaombee nini wazee wanaoishi mbali na hospitali?

Kitindamimba ameuliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Mama yangu ana miaka 79. Mwaka jana alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea. Tangu hapo nimerudi nyumbani kuishi naye, kwa kuwa mimi ndiye wa mwisho na wenzangu wote wana familia. Hospitali yenye daktari iko mwendo wa saa sita kwa gari barabara ikiwa kavu. Mto ukijaa hatuhesabu saa tena, tunahesabu siku. Zahanati tunayo, ina nesi mmoja. Akiitwa semina au akiugua, mlango unafungwa.

Mwezi ujao idara ya afya inakuja kusikiliza wananchi, na nimechaguliwa kusema kwa niaba ya wazee. Kaka zangu na viongozi wetu wamekwisha kubaliana tuombe jengo: wodi ya wazee yenye vitanda 20. Hata mchoro upo. Mimi moyo unasita, ila nikiulizwa kwa nini nakosa la kujibu.

Basi nilichukua daftari nikapita nyumba kwa nyumba. Nimepata wazee 14 ambao hawawezi tena kwenda zahanati kwa miguu yao. Wanne hawatoki kitandani. Tisa wana presha, na watano kati ya hao wana sukari pia. Wawili wana saratani, na usiku majirani wanawasikia. Nilimuuliza bibi mmoja mara ya mwisho alipimwa presha lini, akanitajia msimu, mwezi haukumbuki.

Nisaidieni. Dakika kumi ndizo tulizopewa. Nikisimama pale niseme nini?

Na la kwangu binafsi: kaka wanataka mama ahamie mjini kwa mkubwa wetu. Mama amekataa. Anasema, "Huko nitakuwa mgonjwa wa chumba cha nyuma. Hapa watu wanapita wananisalimia."

Nesi Mstaafu amejibu:

Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kuanza na daftari, wengi huanza na mchoro.

Nimekuwa nesi miaka 31, na 22 kati ya hiyo nilikuwa peke yangu kwenye zahanati kama hiyo yenu. Nitakueleza habari ya jengo kwanza. Tulijengewa wodi nzuri, madirisha makubwa, vitanda 12. Nilipostaafu magodoro sita yalikuwa bado kwenye nailoni. Hapakuwa na mtu wa kulaza, kwa sababu hapakuwa na wa kuwahudumia usiku, na mimi peke yangu siwezi kuwa wodini na kliniki na kwenye uzazi kwa wakati mmoja. Jengo halimgeuzi mgonjwa ubavu. Ukiomba jengo, omba kwanza watu wa ndani yake, kwa majina ya kada zao na idadi yao, vinginevyo watakupa kuta kwa furaha kabisa, maana kuta zinazinduliwa mara moja na mishahara inalipwa kila mwezi.

Sasa nikupe kisa ambacho hakijanitoka. Mzee mmoja wa presha, mtaratibu, hakosi kliniki. Mwezi mmoja vidonge vilikuja vya kiwanda kingine. Dawa ni ile ile ila rangi tofauti. Alivipokea, akashukuru, akaenda navyo nyumbani. Kule nyumbani alikuwa na salio la vile vya zamani. Akadhani amepewa dawa ya ugonjwa mwingine, akawa anameza vyote, vya zamani na vipya. Presha ikashuka, akaanguka akienda msalani alfajiri, nyonga ikavunjika. Baada ya hapo hakusimama tena. Umbali wa hospitali haukuwa chanzo. Chanzo ni kwamba kati ya kliniki na kliniki, siku 30 nzima, hapakuwa na mtu wa kuingia nyumbani kwake na kuuliza, "Babu, nionyeshe dawa zako unazinywaje."

Hapo ndipo ningeweka dakika zako kumi. Omba mtu wa kuingia nyumbani. Awe mwenyeji wa hapo hapo, afundishwe, alipwe, apewe mashine ya presha na ya sukari pamoja na vijiti vyake (mashine bila vijiti ni pambo), na awe na orodha ya hao 14, awazungukie kila wiki. Kule Alaska wamefanya hivyo tangu miaka ya 1960. Vijiji havifikiki kwa barabara, basi mwenyeji anasomeshwa, anapewa kitabu cha mwongozo wa hatua kwa hatua, na daktari anampata kwa mawasiliano. Hawakungoja daktari akubali kuhamia kwenye barafu.

La pili, dawa za miezi mitatu kwa mpigo kwa mzee ambaye presha yake imetulia. Wanaotumia dawa za VVU na hali zao zimetulia, nchi nyingi zinawapa za miezi mitatu, hata sita. Mfumo ule ule unawezaje kumlazimisha mwenye miaka 80 abebwe kila mwezi kufuata vidonge vile vile? Waulize hivyo hivyo. Ila sharti la dawa nyingi ni huyo mtu wa kuzunguka, la sivyo utarudi kwenye kisa cha mzee wangu mara tatu.

Barabara Mbovu amejibu:

Mama Nesi nakuheshimu, ila hapa naomba nipingane nawe.

Baba yangu alipata kiharusi saa kumi na moja alfajiri. Tulikijua mara moja: mdomo umepinda, mkono hauinuki, maneno hayatoki. Hatukuchelewa kuamua. Tulichelewa kupata gari. Tukapata gari saa nne asubuhi, likaharibika njiani, tukafika hospitali usiku wa manane, saa 19 tangu aanze kuugua. Daktari alikuwa mwema, akatueleza kwa upole kuwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kupiga picha ya kichwa kuhakikisha si damu iliyovuja. Saa hizo nne na nusu zinakwisha, sisi tulikuwa bado tumekaa barazani tunasubiri simu ya mwenye gari.

Mnaweza kumfundisha mtu wa kuzunguka, akafahamu kila kitu, akabaki anamtazama mgonjwa anakufa huku ana elimu. Omba gari la wagonjwa, dada. Lenye dereva, lenye mafuta, na namba moja ya simu inayopokelewa usiku. Australia walishaona kwamba barabara haitoshi, mwaka 1928 mchungaji John Flynn akaanzisha daktari wa ndege kutokea Cloncurry, na huduma ile inaruka hadi leo. Kama watu wachache waliotawanyika jangwani wanastahili ndege, wazee 14 hawastahili gari?

Nesi Mstaafu amejibu:

Pole sana mwanangu kwa baba. Unayosema ni kweli na sikatai hata neno moja. Kuna watafiti wawili, Thaddeus na Maine, mwaka 1994 waliandika kuhusu vifo vya wajawazito wakazitaja chelewa tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Kwa wazee naziona zile zile. Ya kwenu ilikuwa ya pili, ya yule mzee wangu haikufika hata ya kwanza.

Ila kwa kuwa umetaja wale wa ndege, wana jambo jingine ninalolipenda kuliko hata ndege zao. Kwenye mashamba ya mbali waliweka sanduku la dawa, kila dawa imepewa namba. Mtu wa shambani anapiga redio, anaeleza, daktari anasema mpe namba fulani, vidonge viwili, nipigie baada ya saa nne. Hakulazimika kujua kusoma jina refu la dawa. Ndege inakuja pale inapobidi. Yaani mawasiliano yanachuja nani abebwe na nani atibiwe alipo, na gari moja linatosha watu wengi zaidi.

Na ukiomba gari, Kitindamimba, omba na la kurudi. Hili watu hawalisemi. Nimeona mzee anaruhusiwa wodini saa kumi jioni, karatasi mkononi, nguo zilizomleta zimechafuka, hana nauli wala wa kumpokea, nyumbani ni mbali. Gari lililomleta lilishaondoka tangu siku ile. Akifika kwao kwa taabu, ile karatasi imelowa, na nesi wa zahanati hajui kabisa kuwa dozi imebadilishwa.

Daktari wa Simu amejibu:

Nafanya kliniki ya video na zahanati za mbali, siku mbili kwa wiki. Naomba nizungumzie hilo la mawasiliano kwa sababu watu wanaliuza kama muujiza.

Simu haina mikono. Mgonjwa wa miaka 80 hasikii vizuri, haoni vizuri, na akiniona kwenye kioo anaona haya kunieleza habari za mkojo mbele ya mjukuu aliyeshika simu. Kliniki zangu zinazofanikiwa ni zile ambazo pembeni ya mgonjwa yupo mtu aliyefundishwa. Ananisomea presha mara mbili, ya mkao na ya kusimama. Anaweka mezani dawa ZOTE zilizomo nyumbani, hata za jirani. Anabonyeza mguu ananiambia kidole kimeacha shimo au hakijaacha. Hapo natibu vizuri kabisa. Bila huyo mtu, nabahatisha.

Kwa hiyo msiombe "telemedisini" halafu mkaletewa kompyuta kwenye boksi. Ombeni siku na saa. Kila Jumanne saa nne, daktari yule yule, wagonjwa wale wale. Umeme wa jua na betri ya akiba. Mtandao ukikatika tunahamia simu ya kawaida, haijalishi, kazi kubwa inafanywa na sauti.

Tena ombeni nesi wenu afundishwe kwenye vikao hivyo hivyo badala ya kuitwa semina na kufunga mlango. Sanjeev Arora wa Chuo Kikuu cha New Mexico alianza mwaka 2003 kwa homa ya ini aina ya C. Badala ya wagonjwa kusafiri hadi kwake, aliwakutanisha wahudumu wa vijijini na mabingwa kwa video kila wiki, wakawa wanaleta wagonjwa wao halisi na kuwajadili. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2011, waliotibiwa huko mbali walipona asilimia 58.2, waliotibiwa chuoni asilimia 57.5. Nayarudia maneno haya kila nikipata nafasi kwa sababu bado kuna wakubwa wanaoamini kuwa huduma ya mbali lazima iwe ya daraja la pili.

Mkwe wa Tatu amejibu:

Nimesoma yote. Sijasomea udaktari. Nimemuuguza mama mkwe miaka sita, amelala kitandani minne ya mwisho.

Hakuna hata mmoja wenu aliyemtaja anayeuguza. Kwenye hizo nyumba 14 kuna mtu, na mara nyingi ni mwanamke, anayenyanyua mwili mzito kuliko wake mara nane kwa siku. Mgongo wangu uliharibika mwaka wa pili. Hakuna aliyenifundisha kunyanyua. Nilikuja kufundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia baadaye, dakika 15 tu: kunja goti la mgonjwa, mvute bega na nyonga kwa pamoja, tumia shuka kumtelezesha badala ya kumbeba kwapani. Dakika 15 ambazo zingeniokoa mgongo.

Vidonda vya kulalia hivyo hivyo. Cha kwanza kilitokea kwenye kisigino. Nilikuwa naangalia makalio na mgongo kila siku, miguu iko chini ya shuka sikuifunua. Sasa najua: mgeuze kila baada ya saa mbili, usiku pia kadiri unavyoweza, weka mto chini ya shavu la mguu ili kisigino kielee, usisugue mahali palipopiga wekundu. Mambo haya anayajua nesi yeyote, lakini hakuna aliyepangiwa kazi ya kutuambia sisi.

Kwa hiyo dada ongeza kwenye dakika zako: mafunzo kwa wanaouguza, godoro la kuzuia vidonda linaloazimwa, nepi za wakubwa na mpira wa mkojo vipatikane zahanati, na mtu wa kutupokea hata siku mbili kwa mwezi tulale. Nilitamani kulala kuliko kitu chochote. Kerala huko India walifika mbali kwa njia hii, majirani wa kawaida walifundishwa kuwazungukia wagonjwa wa muda mrefu nyumbani, nesi akiwa nyuma yao, na mwaka 2008 serikali ya jimbo ikaifanya sera.

Na hao wawili wa saratani wasingoje kikao. Uliza tiba shufaa iliyo karibu, yaani huduma ya kumtuliza maumivu mwenye ugonjwa mzito. Mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, inanywewa nyumbani, haihitaji sindano wala wodi. Uganda wanaitumia tangu 1993, Dk. Anne Merriman alipoanzisha hospisi, na baadaye sheria ikaruhusu manesi waliosomea waiandike wenyewe, kwa sababu madaktari hawakutosha. Mama mkwe wangu aliipata wiki tatu za mwisho. Zile wiki tatu alizungumza nasi.

Kuhusu mama yako kuhama: muulize anaogopa nini, kisha waulize kaka zako wanaogopa nini. Kwetu tulikuja kugundua wote walikuwa wanaogopa kitu kimoja, afe usiku na hakuna mtu. Hilo linapangika.

Kitindamimba amejibu:

Asanteni sana. Shikamoo tena Mama Nesi. Dada Mkwe nimesoma yako mara mbili, mara ya pili nimelia, kisha nikaenda kufunua miguu ya mama. Iko salama.

Nimerudi kwa wazee wote 14 siku mbili hizi, safari hii nimewauliza swali moja tu, wanionyeshe dawa wanavyozinywa. Wawili wanakunywa nusu ili zisiishe mapema. Mmoja ameacha kabisa tangu zibadilike rangi. Babu mmoja wa sukari anaiweka insulini dirishani kwa sababu "inapata hewa", na jua la mchana linapiga pale pale. Nimeihamishia chumba cha ndani kwenye kivuli, nesi amesema itabadilishwa.

Kaka mkubwa nimemsomea maneno ya Mama Nesi kuhusu magodoro kwenye nailoni. Alinyamaza, kisha akasema mchoro uwekwe kando kwanza. Tutaomba watu wawili wa kuzunguka wenye mshahara, siku moja ya daktari kwa wiki isiyobadilika, dawa za miezi mitatu, na gari lenye namba ya usiku. Kaka Barabara, gari nitalisema mimi mwenyewe na nitataja saa nne na nusu. Nimemuuliza mama pia yeye angeomba nini. Amesema nesi asiwe anabadilishwa badilishwa, amechoka kueleza ugonjwa wake upya kila mwaka.

Ila kuna jambo limenitia wasiwasi. Yule babu wa insulini, kidole kidogo cha mguu wa kulia kimekuwa cheusi na kina harufu. Yeye anasema hakimuumi kabisa, tusimsumbue. Nesi wetu yuko semina hadi Ijumaa. Nisubiri Ijumaa?

Nesi Mstaafu amejibu:

Hapana. Leo. Mwenye sukari kutokusikia maumivu ni dalili mbaya, mishipa ya fahamu imekufa ganzi. Msikate kitu, msiloweke, msipake chochote. Funga kwa kitambaa kisafi kikavu, mguu huo asiukanyage. Beba insulini yake, dawa zake zote na daftari lako. Umpime sukari kabla ya kuondoka kama mashine ipo. Akiwa na homa au anaanza kuchanganyikiwa niandikie hapa hapa, ila msisimame kungoja jibu langu.

Daktari wa Simu amejibu:

Nakubaliana na Mama Nesi kwa yote. Nitumie ujumbe wa faragha uniambie mnaelekea hospitali gani, nipige simu wawe wanamtarajia wakati mko njiani.

Kitindamimba amejibu:

Gari limepatikana kwa jirani. Mto uko chini leo. Mama anakaa na mtoto wa shangazi hadi nirudi, nimemwonyesha jinsi ya kumgeuza kwa shuka. Tunaondoka sasa.